Bukari Ukutani kwa Fundi Donat

Kufikia Jumatano hapakuwa na mtu katika mtaa wa Ruashi asiyejua kwamba Jumamosi wakwe wanafika kwa Donat. Nani aliyewaambia? Donat mwenyewe. Alimwambia muuza mayai. Alimwambia padri mlangoni pa kanisa baada ya misa ya asubuhi, padri akiwa bado anavua kanzu. Alimwambia hata mwenye pikipiki aliyempakia kutoka Bel-Air, na yule bwana, maskini, alikuwa ameuliza tu kama amshushe hapa au kule mbele.

"Mutoto yangu Plamedie, siku ya posho, hii Jumamosi, banakuya kumupigia hodi," Donat akamjibu, na machozi ya furaha yakamlenga palepale juu ya pikipiki, katikati ya vumbi jekundu.

"Félicitations, papa. Sasa, unashuka?"

Furaha ilikuwa imempanda kichwani, sina neno lingine. Alicheka peke yake njiani. Alitia sukari katika chai mara mbili, akainywa, akaisifu. Mke wake Agnès alimwambia wazi kwamba anayeolewa ni Plamedie, si yeye, lakini maneno hayo yaliingilia sikio moja yakatokea la pili.

Tumfahamu basi huyu Donat, maana mjini Lubumbashi amepita katika nyumba nyingi na wenye nyumba wachache sana wanakumbuka sura yake. Wanamkumbuka mgongo. Ana miaka hamsini na sita, mwembamba, mikono mirefu, magoti yameota sugu. Ukimwita fundi wa rangi atakurekebisha kwa upole: yeye ni fundi wa kabla ya rangi. Rangi, anasema, hata shemeji yako anaweza kupaka. Kazi iko chini, pale ambapo plenti, ule ubao mwembamba unaozunguka chumba, unakutana na ukuta. Pale pana ufa siku zote. Ukipaka rangi bila kuuziba, ufa unabaki umekaa pale mweusi, na mgeni akiingia hataona rangi yako, ataona ufa.

Kwa hiyo Donat hupiga magoti. Huanza na brashi ya kufagia vumbi, kisha bastola ya mastiki, ule uji mzito wa kuzibia nyufa unaotoka kwenye mrija, anavuta uzi mwembamba kutoka kona hadi kona, halafu analowesha kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kukipitisha mara moja tu. Mara moja. Ukirudia umeharibu. Kidole hicho anakitunza kwelikweli. Hakishiki pilipili, hakishiki sufuria ya moto, na Agnès hupenda kuwaambia watu kwamba katika ndoa yao wako watatu: yeye, mume wake, na kile kidole.

Kazi hii aliirithi. Babu yake alitoka Kongolo, kaskazini kule, akaja kufanya kazi ya reli. Baba yake, mzee Jeannot, alitengeneza mabehewa ya reli hiyohiyo, na jioni alizungukia nyumba za kambi ya wafanyakazi akiziba nyufa za watu bila kuombwa. Hakuweza kuona ufa akanyamaza. Donat naye yuko hivyohivyo. Ukimwalika kwenye matanga, atatoa rambirambi, atalia na wenye msiba kwa moyo wote, na huku jicho lake moja liko chini ya ukuta.

Sasa nyumba yake mwenyewe. Mfinyanzi hulia gae, wahenga hawakukosea. Nyumba ile ya Ruashi aliijenga na kaka yake Osée kwa miaka tisa, matofali kidogo mwaka huu, matofali kidogo mwaka ujao, na kila mwaka walikuwa na maoni mapya kuhusu mstari ulionyooka. Ukuta wa saloni, chumba cha wageni, unaanza vizuri mlangoni, ukifika dirishani unajisahau, kisha unarudi. Chini ya ukuta huo Donat alipigilia plenti za mbao ya mulombwa, nzito, nyekundu, nyoofu kabisa, alizopewa katika nyumba moja ya zamani ya Makomeno ambako mwenye nyumba alikuwa anataka vigae. Ndiyo nyumba pekee ya avenue yao yenye plenti za mbao. Na kwa kuwa mbao imenyooka na ukuta haukunyooka, kati yake palikuwa na nyufa za kila aina. Mahali pengine ungepitisha karatasi. Karibu na dirisha kijiko cha chai kilikuwa kinaingia chote, na siku moja kiliingia kweli, hakijaonekana tena. Miaka minne Donat alikuwa anapita juu ya nyufa hizo akienda kuziba za wengine.

Tena ulikuwa mwezi wa tisa, mwisho wa kiangazi. Mvua haijaonja ardhi tangu mwezi wa nne. Mbao zote za mji zimekauka na kujikunyata, na kila ufa umefunguka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Na mgeni mwenyewe sasa. Kijana anayemtaka Plamedie anaitwa Gradi, mtoto mzuri, mpole, anaendesha gari la mizigo la mama yake. Huyo mama ndiye jambo. Mama Kahambu, mjane, Munande wa Butembo, ana depo kubwa ya vifaa vya ujenzi kandokando ya barabara: simenti, vigae, misumari, rangi, kila kitu. Amejenga biashara hiyo kwa jicho lake. Inasemekana aliwahi kurudisha gari zima la vigae kwa sababu kimoja kilikuwa kimemeguka pembeni. Na Gradi alikuwa amemnong'oneza Plamedie, Plamedie akamnong'oneza mama yake, Agnès akamwambia Donat kitandani, kwamba Mama Kahambu moyoni alitaka binti wa kwao, wa Kivu. Hakukataa, lakini hakukubali. Alisema tu: nitakwenda, nitaona wanavyoishi, nikiridhika nitakula kwao. Nisiporidhika nitanyanyuka.

Katika desturi yetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mkwe akinyanyuka bila kugusa chakula, mambo yamekwisha, hata kama vijana wanapendana hadi kukonda. Na Plamedie alikuwa anapenda hadi kukonda. Donat alilijua hilo kwa sababu binti yake, mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa kuimba asubuhi hadi jioni, wiki ile alikuwa ameacha kuimba.

"Atakula," Donat akasema. "Nitamufanyia saloni, mpaka atakula."

Alikuwa ameweka akiba mirija sita ya mastiki, mabaki ya kazi ya Bel-Air ambayo mwenye nyumba alimwachia. Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akavaa kaptula yake ya kazi, akatoa viti vyote nje, akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba. Akaweka mrija wa kwanza katika bastola, akabana. Hakikutoka kitu. Akabana kwa mikono miwili. Kitu kilitoa sauti ndani, kisha kimya. Mirija ile ilikuwa imekaa miezi chini ya bati la jua kali, imeganda mpaka ndani. Wa pili hivyo. Wa tatu hivyo. Kufika wa sita Donat alikuwa amelala chali katikati ya saloni, anacheka. Ndiyo, anacheka, wiki ile hakuna kitu kingeweza kumliza ila furaha.

Kicheko kilipungua Ijumaa asubuhi. Alizunguka duka kwa duka, na kila duka lilikuwa na silikoni tu. Silikoni ni nzuri kwa bafu, lakini haishiki rangi. Unapaka, rangi inakimbia pembeni, na ufa wako unabaki na mstari unaong'aa kuwaonyesha watu ulipo. Plasta nayo inaanguka mlango ukigonga mara moja. Yeye alitaka mastiki ya kupakwa rangi.

"Ile iko tu ku depo ya Mama Kahambu," akaambiwa duka la kwanza.

"Kamata ku Mama Kahambu," akaambiwa la pili.

La tatu hawakumjibu, walimwonyesha kwa kidole tu upande wa depo ya Mama Kahambu.

Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro, na asiye wa kwetu anaweza asiuone. Baba wa binti hakanyagi kwa wakwe kabla wakwe hawajapiga hodi kwake. Hata maji hanywi kwao. Akienda, amejipeleka, na binti yake amepelekwa naye. Osée, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa familia kesho yake, alisimama katikati ya saloni tupu akiwa amefunga mikono nyuma.

"Ukiingia mu ile depo leo," akasema, "kesho nitasimama hapa niseme nini? Watasema, huyu baba tulimuona jana, alikuya mwenyewe."

"Basi tuma mutu," Agnès akasema.

Wakafikiria nani. Na hapo Donat akajishika kichwa, maana hakukuwa na mtu wa kumtuma. Mwezi mzima mdomo wake haukulala. Mtu yeyote wa Ruashi atakayeingia pale na kuomba mastiki mirija sita Ijumaa hii, Mama Kahambu atajua inaenda wapi, na atajua zaidi kwamba fundi mwenyewe nyumba yake ina nyufa za mirija sita.

"Kwani wewe ulisema ku nani?" Osée akauliza.

"Ku bantu kidogo."

"Muuza mayai alinipa hongera yangu, kaka. Asubuhi. Mimi simjui."

Donat akakaa juu ya ndoo ya rangi akatazama kidole chake. Kisha taratibu uso wake ukaanza kufunguka tena. Alimkumbuka mzee Jeannot. Katika kambi ya reli, miaka ile ambayo mastiki ya mrija hakuna aliyeijua, mzee alikuwa anajitengenezea mwenyewe. Unga wa mahindi uliopikwa mzito, yaani bukari, chokaa nyeupe iliyochekechwa, na maji yaliyochemshiwa majani ya tumbako. Unakanda, unaziba, inakauka siku hiyohiyo, inashika rangi vizuri kabisa.

"Mama Plamedie, bunga iko?"

"Bunga ya nini?"

"Ya ukuta."

Agnès alimtazama. Wamekaa pamoja miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kutofautisha wazimu unaopita na wazimu unaokaa. Huu aliuona unapita. Akaweka sufuria motoni. Donat akasimama nyuma yake akitoa maagizo, koroga huku, punguza moto, mpaka Agnès akamgeukia na mwiko mkononi.

"Bukari unataka kunifundisha miye? Toka mu jiko yangu."

Akatoka. Akaenda kununua majani ya tumbako kwa bibi wa sokoni, akarudi, akayachemsha uani. Harufu ilipanda, ikapita dirishani, ikajaa nyumba. Agnès akatokea mlangoni ameziba pua kwa kitambaa.

"Baba Plamedie, bale bantu ni Baprotestanti. Habavutaka, habakunywaka. Tumeficha hata pombe ya Osée. Sasa mama mukwe anaingia mu saloni, kitu ya kwanza ananusa ni tumbako. Atafikiri je?"

Donat hakuwa amelifikiria hilo. Akainama juu ya sufuria akanusa. Ilikuwa harufu ya baba yake kabisa, na kwa dakika moja alitaka kuitetea. Lakini akamwona Mama Kahambu moyoni mwake, amesimama kizingitini na pua juu, anageuka, anaondoka.

"Kweli. Lakini baba alikuwa anaitia juu ya nini, kwa sababu gani?"

"Baba yako alikuwa anaipenda tumbako. Hata uji angetia."

Hilo lilikuwa kweli, na likamaliza shauri. Maji ya tumbako yakamwagwa nyuma ya choo.

Basi siku ile, ndugu zangu, mtu alifurahia kazi. Bukari na chokaa ilitoka nyeupe, laini, inavutika vizuri. Donat aliikata kwa kisu cha fundi, akaisukuma ndani ya ufa mpaka ukashiba, akalowesha kidole, akapitisha mara moja. Ukuta ukainama kukutana na ubao, kwa macho hungejua walikuwa na ugomvi. Alisogea kwa magoti kuizunguka saloni huku anaimba nyimbo za kwaya, na panapohitaji sauti ya kike anajiimbia mwenyewe. Kona ya mlango, kona ya kabati, chini ya dirisha ambako kijiko kilizikwa. Plamedie alirudi kutoka shuleni akamkuta baba yake amepakaa unga mpaka kwenye nyusi, akacheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaanza kuimba naye.

Hewa ya kiangazi ilikausha kila kitu mapema. Alasiri alipaka rangi ya maji, rangi ya maziwa, kutoka juu hadi chini. Kabla jua halijatua aliwaita majirani kutazama. Alimpa kila mmoja kijiko cha chai akamwambia atafute pa kukiingiza. Hawakupapata. Donat alilala usingizi wa mtoto.

Jumamosi saa nane magari mawili yalisimama. Wakaingia wazee wa Kinande na makoti yao, akaingia Gradi ambaye shingo yake ilikuwa imepotea ndani ya tai, na mwisho akaingia Mama Kahambu. Mwanamke mkubwa, kitenge cha buluu, mwendo wa taratibu. Alisalimia kila mtu vizuri. Kisha, kabla hata hajakaa, jicho lake likashuka chini, likaanza mlangoni, likafuata plenti polepole mpaka kabatini, mpaka dirishani, likarudi mlangoni. Mama Kahambu aliinamisha kichwa mara moja, kidogo, kwa kukubali, akakaa.

Donat alitaka kupiga mbinja. Agnès alimkanyaga mguu.

Maneno yakaanza. Mzee Nzanzu, ndugu wa marehemu mume wa Mama Kahambu, ndiye alikuwa msemaji wao. Alisimama akaeleza kwamba walikuwa wanapita njia, kijana wao akachoka, akaomba kupumzika mlango huu. Osée akajibu kwamba wanaopita njia hawavai makoti namna hii. Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Ndipo Nzanzu akasema hawakuja mikono mitupu, na vijana wakaingiza kuku sita wa hodi, majogoo na matetea, wamefungwa miguu kwa kamba. Kwa kuwa katikati palikuwa na meza ya soda, wakawalaza pembeni, chini ya ukuta, vichwa upande wa plenti. Mbuzi wawili walifungwa mlangoni.

Kuku wale walikuwa wametoka mbali asubuhi bila kula.

Nzanzu alikuwa amefika kwenye sifa za ukoo iliposikika: to. Kisha: to, to. Akaendelea na sifa. To-to-to. Donat akageuza kichwa taratibu. Tetea mmoja mweusi alikuwa ametoboa rangi pale kwenye kiungo cha ubao na ukuta, ameonja, ametulia kidogo, kisha akarudia kwa bidii ya mtu aliyelipwa. Wa pili akaona. Wa tatu akaona. Unga wa mahindi na chokaa, fikiria mwenyewe: kama kuku angepika, ndicho chakula ambacho angepika. Sasa kuku sita walikuwa wanagonga kwa pamoja, vipande vya rangi vinaruka, na Nzanzu anapandisha sauti ili asikike juu yao.

Hapo, katikati ya kelele za kuku, Donat alielewa kwa nini baba yake alikuwa anatia tumbako.

Alijaribu kusogeza kiti chake akinge kile kipande. Lakini alikuwa na kiti kimoja na kuku walikuwa sita. Jogoo mmoja alikaza miguu, kamba ikafunguka, akaanza kuufuata ufa mita kwa mita, akiwa na uhuru wake. Kipande chenye urefu wa mkono kikang'oka chote kikadondoka sakafuni. Ufa ukafunguka mweusi kuanzia kabati hadi dirisha. Mbuzi wa kwanza akanusa kutoka mlangoni, akavuta kamba, akaingia nusu mwili, akaanza kulamba kona.

Nzanzu akakatiza sifa. Agnès alikuwa anatazama dari kana kwamba anasoma kitu. Katika chumba cha ndani Plamedie, anayesubiri kuitwa, alisikia sifa zimekatika, akaweka mkono mdomoni. Na Donat, aliyecheka wiki nzima, alihisi aibu inampanda kutoka kwenye magoti mpaka masikioni. Hakuionea aibu nyumba. Alikuwa anamfikiria binti yake.

Mama Kahambu akanyanyuka.

Gradi alifumba macho. Lakini mama yake hakuelekea mlangoni. Alielekea ukutani. Alikusanya kitenge chake, akapiga magoti, mtu mkubwa vile, akamsukuma jogoo pembeni kwa kiganja, akaokota kipande. Alikitazama. Alikinusa. Kisha akakiweka ulimini.

"Bunga," akasema. "Na chokaa."

"Ndiyo mama, njo vile," Donat akajibu kwa sauti ndogo.

"Na tumbako iko wapi?"

Donat alidhani hakusikia vizuri. Mama Kahambu akamgeukia, bado amepiga magoti.

"Mama yangu, kule nyuma ya Butembo, kila Noeli alikuwa anaziba nyumba yetu na hii. Yeye alitia bunga ya mihogo. Miye nilikuwa natwanga majani ya tumbako, mikono inanuka mpaka mwaka mupya. Bila tumbako, panya na mbuzi banakula nyumba. Wewe fundi muzima, tumbako uliacha juu ya nini?"

Donat hakuwa na uongo mkononi. Akajikuta naye amepiga magoti, upande wa pili wa ufa, kama alivyozoea maisha yake yote.

"Mama, tuliogopa pua yenu," akasema. "Tulisema ni bantu ba Mungu, habapendi harufu ya tumbako."

"Na mastiki? Iko mingi mu depo yangu."

"Kwako singeweza kuingia. Ulikuwa haujapiga hodi."

Mama Kahambu alimtazama. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Kicheko kilianzia chini tumboni, kikamtikisa mabega, kikaangusha kilemba chake sakafuni karibu na jogoo, na hakikusimama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nzanzu akaanza, Osée akaanza, Agnès ambaye alikuwa anajizuia tangu kuku wa kwanza akafunika uso kwa kanga, na wazee wa makoti wakapigana mabega. Gradi alifungua jicho moja, halafu la pili.

"Nilete mastiki, mama?" akauliza, tayari amesimama. "Gari iko hapa."

"Kaa chini. Acha kuku bamalize. Hawajakula tangu asubuhi."

Zilipita dakika nyingi kabla watu hawajarudi vitini. Lakini desturi ni desturi, na lilibaki jambo moja lisilorukwa. Osée akamwita Plamedie. Akatoka chumba cha ndani amevaa kitenge kipya, akapiga magoti kwenye mkeka, macho chini. Sasa ni zamu ya baba. Baba wa binti ndiye anayeuliza swali ambalo linafanya ndoa au linalivunja shauri lote: je, vitu vya watu hawa tuvile? Binti akisema tuvile, basi. Akinyamaza, wageni wanarudi na vitu vyao.

Donat alisimama. Alikuwa amejifunza swali hilo mwezi mzima, alilisema mbele ya kioo, alilisema kwenye pikipiki. Sasa alimtazama binti yake, akatazama ukuta wake uliofunguka kona hadi kona, akatazama kuku waliolala pale wamevimba shingo, wameshiba.

"Plamedie, mutoto yangu," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Hawa bantu, kuku yao wamekwisha kula nyumba yetu. Sasa siye, kuku yao, tuwakule?"

Binti mwenye adabu hujibu kwa sauti ya chini, hujibu akiulizwa mara ya tatu, hujibu bila kuinua uso. Plamedie aliinua uso. Alimwona Gradi na ile tai yake. Alimwona Mama Kahambu bila kilemba, chokaa kwenye midomo, anamtazama kwa hofu, ndiyo, kwa hofu, maana sasa ni yeye ambaye angeweza kukataliwa.

"Baba, tukule," akasema. "Hata mbuzi."

Vigelegele vya Agnès vilisikika mpaka barabarani, na vilikuwa havijaisha Mama Kahambu alipokunja mikono ya blauzi yake na kuomba maji ya kunawa.